Mabaki ya Nyuzi Katika Wodi ya Wanawake

Siku niliposafisha kabati langu ili nikabidhi funguo, nesi mmoja mwenye haraka zake aliliinua gunia lililokuwa rafu ya chini akaniuliza, "Mama Salome, takataka hizi nizipeleke jalalani?" Ndani ya gunia mlikuwa na mabaki ya nyuzi za sufu, ya kila rangi, mengine mafupi kama kidole. Nilimjibu kwa ukali, naye akalirudisha. Baadaye nikaona si haki kumkaripia mtu kwa jambo ambalo hajapata kuambiwa. Ndiyo sababu ya karatasi hizi. Sitaandika nilipandishwa cheo lini wala nani alinipa mkono siku hiyo. Mambo hayo yako kwenye faili, na faili halisahau. Nitaandika juu ya nyuzi, na juu ya mwanamke mmoja aliyekaribia kufa kwa sababu yangu.

Nilianza kazi wakati wa vita vile vikubwa vya pili. Mimi ni mtoto wa Kengeleni, Kisauni. Shule ya misheni ilinifundisha kusoma, kushona, na kufuma soksi ambazo hakuna mtu wa pwani aliyezihitaji. Hospitali yenyewe msiitafute. Zilikuwa wodi za muda, kuta za udongo na chokaa, paa za makuti, zilizojengwa mbio mbio upande wa Junda, pale ardhi inapoanza kuteremkia mikokoni. Vita vilipokwisha zikabomolewa, nasi tukagawanywa kwenye hospitali nyingine. Leo pale pana mihogo ya watu.

Siku ya kwanza nilifika nimevaa viatu vyenye kisigino, nikidhani hospitali ni kama kanisani. Mlangoni alisimama mama mrefu, meno mekundu kwa tambuu, mikono imefungwa kifuani.

"Shikamoo, Bi Mkubwa," nikasema.

"Marahaba. Vua viatu hivyo, mwanangu. Wagonjwa walala, na wewe waja kama farasi."

Huyo ndiye Bi Mwanaisha, msimamizi wa sisi wahudumu katika wodi ya wanawake, mwenyeji wa Junda. Kusoma hakujua. Lakini ukimzibia macho ukamzungusha wodi nzima, angekwambia kitanda kipi kina nani, na nani hajanywa uji. Kazi yangu yote nimeijua kwake. Madaktari walinifundisha majina ya maradhi tu.

Sasa nyuzi. Kisiwani, akina mama wa Kizungu walikuwa wakikutana kila juma kuwafumia askari soksi na kofia za baridi. Mabaki yao yalipakiwa ndani ya gunia, yakavushwa daraja la kuelea la Nyali, yakaletwa kwetu pamoja na sabuni na bendeji. Nani aliyeamua kwamba wagonjwa wa Junda wanahitaji sufu kwenye joto lile, sikupata kumjua. Nilitaka kulitia moto gunia la kwanza. Bi Mwanaisha akaketi juu yake.

"Hapa hatutupi kitu," akasema. "Ndoo uketi, ntakuonya." Kwa lugha yake, hiyo ni njoo, nitakuonyesha.

Tuliyapanga mabaki kwa urefu. Kipande kifupi kuliko kidole kilikwenda ndani ya mito midogo, ile tuliyoweka chini ya visigino vya wagonjwa waliolala muda mrefu wasije wakachubuka. Kipande cha urefu wa shibiri kilifungwa shingoni mwa chupa ya dawa, chekundu kwa dawa ya asubuhi na cha buluu kwa dawa ya jioni, kwa ajili ya mgonjwa anayerudi kwao na hajui kusoma. Mpaka leo sijaona maandishi yanayoeleweka upesi kuliko hayo. Cha urefu wa mkono tulikizungushia magongo pale yanapokaa kwapani. Uzi wa kaki, uliokuwa mwingi kuliko wote, tuliufuma vipande vya mraba, tukaviunga vikawa blanketi. Blanketi la kwanza lilikuwa baya kiasi kwamba metroni alilitazama, akasema asante, akaondoka haraka. Kipupwe kilipoingia liligombaniwa. Nilijaribu pia kufanya utambi wa taa, ukanuka kama nywele zilizoungua, na wodi nzima ikanitukana kwa lugha tatu.

Kazi kubwa ya mabaki ilikuwa vigwe. Vyandarua vyetu vilihitaji vigwe vya kufungia, kamba ya katani ilikwenda vitani kama kila kitu, basi tukasuka vya sufu. Wagonjwa walioweza kuketi ndio waliosuka, na dawa ya kumpitishia mgonjwa siku nzuri kuliko hiyo sijaiona. Vipande viliungwa kwa vifundo, vikakunjwa donge, donge likatiwa ndani ya mkebe wa biskuti wenye tundu kifunikoni, ili lisije likaviringika chini ya vitanda. Uzi ulitokea tunduni. Na kwa kuwa msusi hana mtu wa kumshikia upande wa pili, alinyoosha miguu kitandani, akafunga ncha kwenye vidole gumba vyake vyote viwili vya miguu, akasuka akielekea kwake. Namna hiyo niliwafundisha mimi. Niliiona kwa wanawake wa kwetu wanaosuka ukili wa mikeka, na nilijivuna nayo sana.

Wasusi wangu wawili hodari walilala vitanda vilivyopakana. Bi Riziki alikuwa mwanamke mzee kutoka Likoni, hana mume wala mtoto, moyo wake umechoka na miguu imevimba. Kadzo alikuwa Mgiriama wa upande wa Kaloleni, mama wa watoto watatu, mumewe kuli bandarini. Daktari alimpasua jipu kubwa la paja na kidonda kilikataa kufunga. Kadzo alimwita Bi Riziki hawe, yaani nyanya. Bi Riziki alimwita Kadzo mvivu. Walitaniana tangu uji wa asubuhi mpaka taa inazimwa.

"Hawe, donge lako gumu kama jiwe. Wataka kumpiga nalo nani?"

"Wewe, ukizidi kusema."

Niwaambie jambo ambalo wasiofanya kazi ya nyuzi hawalijui. Kila mkono una njia yake ya kukunja donge. Ukikaa nayo miezi michache, unalitazama donge ukajua ni la nani, sawasawa na mwandiko. Kadzo alikunja kwa ulegevu, donge likatoka limelalia upande. Bi Riziki alikuwa mtu wa mkono wa kushoto. Uzi wake ulizunguka kinyume na wetu sote, umekazwa, na katikati aliacha tundu la kupita kidole kimoja. Nilijaribu kumwiga nikashindwa.

Sasa nije kwenye kazi nyingine ya mabaki, ambayo katika wodi hatukuitaja kwa sauti. Mgonjwa alipofariki, dresa, yule msaidizi wa daktari, alikuja kuhakikisha na kumfumba macho. Baada yake mhudumu alimfunga taya kwa kitambaa, akamfunga vidole gumba vya miguu pamoja kwa kipande cha sufu ili miguu isiachane, akamfunika uso. Kisha walikuja wachukuzi na machela. Mkubwa wao alikuwa Athumani, mtu wa taratibu, na yeye na mwenzake walikuwa na desturi zao. Hawakusema neno wakiwa na maiti. Hawakumfunua uso. Waliangalia vidole, na wakiona vimefungwa, walijua huyo ni wao. Wagonjwa nao walikuwa na desturi yao. Wakisikia machela inaingia, wote waligeukia ukutani na kufumba macho, hata aliyekuwa akila aliweka kijiko. Nilipouliza sababu, Bi Mwanaisha aliniambia ni adabu. Nadhani ilikuwa woga, lakini sikumjibu hivyo.

Kwa miezi minne nilikuwa sijamgusa maiti. Kila ilipotokea nilipata udhuru, mara maji yanachemka, mara metroni ananiita. Bi Mwanaisha alinitazama tu na kufanya mwenyewe.

Ikafika Ijumaa moja ya kaskazi, joto limekaa juu ya makuti halitikisiki. Kadzo alikuwa hajalala usiku wa siku tatu kwa maumivu. Saa tatu asubuhi daktari aliagiza apewe dawa ya usingizi, tena ya kutosha, kisha akarudi zake kisiwani. Kadzo alikuwa ameanza kigwe kipya. Alisema atasuka mpaka usingizi umchukue, na usingizi ulimchukua kweli, ncha ya uzi ingali imefungwa kwenye vidole gumba vya miguu, mkebe chini ya kitanda. Alijivutia leso mpaka juu ya kichwa kwa ajili ya nzi, kama tunavyolala sote. Nilimwona. Nikasema moyoni, mwache apumzike, uzi nitamfungua baadaye.

Saa tano na nusu Bi Riziki alikata roho. Hakuna aliyesikia. Nilimpelekea maji nikamkuta amelala chali, mdomo wazi kidogo, mkono wa kushoto umening'inia upande wa kitanda cha Kadzo. Dresa akaja, akasikiliza kifua, akamfumba macho, akamfunika shuka mpaka kifuani, akaenda kuandika. Kadzo hakujua lolote, amelala fofofo.

Bi Mwanaisha akanishika bega. "Leo ni wewe," akasema. "Mimi naenda kwa dobi. Akina Athumani watamchukua kabla ya sala. Mfunge vizuri, mfunike."

"Abee, Bi Mkubwa."

"Waogopa nini? Riziki hajawahi kukuuma."

Nilikwenda stoo kutafuta kipande cha uzi. Nilikuwa nacho mfukoni mwa aproni, niseme ukweli. Nilijiambia Bi Riziki anastahili rangi nzuri, si kaki. Nikaketi juu ya gunia nikaanza kuchagua. Nikapata cha zambarau, nikakirudisha. Nikapata cheupe, nikakiona kichafu. Nikasikia miguu ya wachukuzi inapita nje, nzito, sawasawa. Ningeweza kutoka nikasema ngojeni, bado. Nilinyamaza. Nilijiambia watamkuta hajafungwa, watangoja, na pengine Athumani atamfunga mwenyewe. Miguu ikarudi, mizito zaidi, ikaelekea chini kwenye nyumba ya maiti. Baada ya muda nikasikia mlango ule ukifungwa, komeo likilia, na sauti zao zikifunguka tena kwa kuwa kazi imekwisha na sasa wanakwenda msikitini. Nikashusha pumzi. Nilifurahi, Mungu anisamehe.

Niliporudi wodini, wanawake walikuwa bado wamegeukia ukutani. Bi Riziki alikuwa kitandani pake, uso wazi, kama tulivyomwacha.

Kitanda cha Kadzo kilikuwa kitupu.

Nilisimama pale, akili inakataa kwenda. Ndipo nikausikia mkebe. Kok. Kok. Ulikuwa chini ya kitanda kitupu, na ndani yake donge lilikuwa likirukaruka. Uzi ulitoka tunduni, ukapita sakafuni katikati ya vitanda, ukatoka mlangoni. Na ulikuwa ukienda. Si kwa mbio, kwa utulivu, unasita kidogo, unaendelea. Kifundo cha buluu na kaki kilipita mbele ya miguu yangu kikavuka kizingiti chenyewe.

Nilipiga kelele kumwita Bi Mwanaisha, kisha nikaufuata uzi. Uwanja ulikuwa mweupe kwa jua, hakuna mtu. Uzi ulilala juu ya mchanga, umepita nyuma ya jiko, umepita chini ya mivinje, rangi inabadilika kila hatua chache, kaki, nyekundu, kijivu, na wote unatambaa mbele yangu. Ulikwenda mpaka nyumba ya maiti ukaingia chini ya mlango. Nyumba hiyo ilikuwa ya mawe, paa la mabati, dirisha moja dogo lililozibwa na kuwekwa nondo kwa sababu ya paka. Mlango ulikuwa wa mbao nzito na kufuli kubwa la chuma, na ufunguo alikuwa nao Athumani kiunoni.

"Kadzo!" nikaita. "Kadzo, ni mimi Salome!"

Hakuna sauti. Niliweka sikio mbaoni, nikaliondoa kwa jinsi zilivyokuwa za moto. Wakati ule wa mchana, chini ya bati lile, mtu mzima asingedumu. Tuliwahi kumkuta kuku amekufa humo, aliyefungiwa kwa bahati mbaya kwa muda wa mlo mmoja. Hilo ndilo lililokuwa kichwani mwangu.

Bi Mwanaisha alikuja anatweta. Aliutazama uzi ukiingia chini ya mlango, akazitazama nyayo mchangani, akajua kila kitu. Tulijaribu kufuli kwa jiwe, tukajaribu mlango kwa mchi wa jikoni, wala haukutikisika. Wanaume wote wa hospitali walikuwa sala ya Ijumaa, na msikiti wa Junda ulikuwa mwendo wa robo saa.

"Nakwenda mimi," akasema, akikaza leso kiunoni. "Wewe kaa. Shika uzi, usiuwate. Ajue kuna mtu."

Mama yule wa makamo alikimbia, viatu mkononi.

Nikapiga magoti, nikaushika uzi kwa vidole viwili. Ulinyooka. Nilihisi mtu upande wa pili akivuta, kisha akilegeza, kisha akivuta. Sisi wa kazi hiyo mkono huo tunaujua, ni mkono wa mtu anayekunja donge. Kila kifundo kilipofika kwenye kizingiti kilikwama, na mvutaji alisita, akatikisa mara mbili kwa upole, kikapita. Nilivuta kidogo kwangu. Uzi ukatulia. Kisha nikavutwa mara mbili, kwa upole uleule, kama mtu anayesema, nakusikia, niache nifanye kazi.

"Sema basi!" nikalia. "Kadzo, sema hata neno moja!"

Hakusema. Mle ndani sikusikia kikohozi, wala pumzi, wala machela kulia. Sauti niliyoisikia ilikuwa ya sufu ikipita juu ya saruji. Nilisali sala zote za shule, nikachanganya mwanzo wa moja na mwisho wa nyingine. Na katika kusali nikageuka, nikaona ncha ya uzi inakuja. Donge mkebeni limekwisha. Ncha ilikuwa nyekundu, inatambaa kwenye mchanga kuja kwangu, haina haraka. Nikaikamata na kujifunga kifundoni mwa mkono, vifundo vitatu. Niliogopa kwamba ikipita chini ya mlango, Kadzo atakuwa amekwenda, na mimi ndiye niliyempeleka. Niliona watoto wake watatu, ambao sikuwahi kuwaona.

Uzi ukakaza mpaka mkono wangu ukagusa mbao. Ukakaa hivyo muda. Kisha ukalegea wote, ukaanguka.

Nililia kwa sauti. Sijui nilikaa pale kiasi gani. Nilipoinua kichwa, Athumani alikuwa anakuja mbio, kanzu ameishika kwa meno, ufunguo mkononi, na Bi Mwanaisha yuko nyuma yake.

"Wallahi niliona vidole vimefungwa!" alikuwa akisema. "Wallahi, Bi Mwanaisha, vimefungwa, na uso umefunikwa! Wa jirani yake alikuwa wazi!"

"Fungua mlango," akasema Bi Mwanaisha.

Joto lilitoka kama la tanuri ya mkate. Ndani hapakuwa na mtu mwingine siku hiyo, hai wala maiti, nataka mlielewe hilo. Palikuwa na meza ya saruji, na juu yake machela, na juu ya machela Kadzo. Alikuwa bado amelala. Leso ilikuwa imemshika usoni kwa jasho, na ilipanda na kushuka, kidogo sana. Mikono yake yote miwili ilikuwa ndani ya shuka, na shuka ilikuwa imekazwa kwa mikanda miwili ya machela, kwa kuwa njia ya kushukia pale ilikuwa ya mteremko na Athumani hakutaka kumwangusha mtu. Vidole vya miguu vilikuwa bado vimefungwa. Juu ya kifua chake, juu ya shuka na mikanda, palikuwa na donge.

Athumani alilitazama, akarudi kinyumenyume mpaka nje.

Tulimtoa, tukamlaza chini ya mivinje, tukammwagia maji na kumpepea kwa vifuniko vya sufuria. Pumzi ikarefuka. Bi Mwanaisha alikuwa amelichukua donge. Aliligeuzageuza. Lilikuwa gumu, uzi umezunguka kinyume. Akaingiza kidole cha shahada katikati, kikapita. Akaniangalia mimi, nami nikageuka upande. Nimeishi na maelezo mengi tangu siku hiyo. Nimejiambia mikanda ililegea, kwamba mkono wa msusi unaweza kufanya kazi mtu amelala, kwamba machozi yalinidanganya macho. Yapo maelezo mengine mazuri zaidi, na kila mwaka nilichagua mojawapo. Hakuna hata moja lililonifaa zaidi ya juma.

Bi Mwanaisha hakunikaripia. Ningependa angenikaripia. Tulipomrudisha Kadzo kitandani pake, alinituma tu nikakae naye mpaka aamke. Kitanda cha Bi Riziki tulikizungushia pazia, kwa kuwa Athumani alikataa kumchukua yeyote tena mpaka aambiwe na Bi Mwanaisha kwa kinywa chake mwenyewe.

Kadzo alifumbua macho alasiri. Alikunywa maji vikombe vitatu. Kisha akatabasamu.

"Nimeota vizuri," akasema. "Hawe alikuwa akinikunjia uzi. Akaniambia nilale tu, mvivu mimi, yuko mtu ameshika upande wa pili." Akageuza kichwa, akaliona pazia. "Hawe yuko wapi?"

Nilimwambia. Nilimwambia na yale mengine yote, stoo, gunia, rangi niliyokuwa nikichagua, miguu niliyoisikia ikipita nikanyamaza. Nilimwambia alikofungiwa akiwa amelala. Sikutia chumvi wala sikupunguza, na wanawake wa wodi nzima, waliogeukia ukutani asubuhi, sasa walikuwa wamenigeukia mimi. Kadzo alisikiliza akiwa ameuweka mkono juu ya kinywa. Nilingoja anitukane. Alilia, si kwa ajili yake. Alimlilia mzee yule asiye na mtu, kwa kilio cha kwao, chini chini, mpaka kikaisha.

"Bado hajafungwa?" akauliza.

"Bado."

"Tangu asubuhi?"

"Tangu asubuhi. Bi Mwanaisha atakuja kumfunga."

"Hapana," akasema. "Vuta pazia. Utamfunga wewe, nami nikuone."

Nikavuta pazia. Nikatoa kile kipande kilichokuwa mfukoni mwangu siku nzima, cha kaki. Niliishika miguu ya Bi Riziki, na ilikuwa miguu tu, mizito, imevimba, ya mwanamke aliyetembea sana. Nikaviweka vidole pamoja.

"Ngoja," akasema Kadzo. "Mwite kwanza."

"Nimwite?"

"Mwite jina. Mimi hamkuniita."

Nikainama karibu na sikio lake. Nikamwita, Bi Riziki. Tukangoja, Kadzo ameinuka juu ya kiwiko, wodi nzima haipumui. Nikamwita mara ya pili, nikangoja. Nikamwita mara ya tatu, nikangoja zaidi.

Hakuitika. Ndipo nikafunga.